Kocha wa tenisi ya chuo Marekani: kufundisha ndo kazi yake ndogo kuliko zote

Dick Gould alikaa chuo cha Stanford, California, miaka 38, kuanzia 1966 mpaka 2004, akaondoka na mataji 17 ya timu za wanaume ya NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, na mpaka leo ukianza stori za makocha wa tenisi ya vyuo Marekani jina lake ndo linatangulia. Sasa mi nina swali ambalo mashabiki wake hawalipendi: huyu mzee alimfundisha nini John McEnroe? Maana McEnroe kabla hata hajakanyaga darasa la Stanford alishafika nusu fainali ya Wimbledon, mwaka 1977, ana miaka 18, tena alianzia kwenye mechi za mchujo kabisa. Akaja chuo, 1978 akabeba ubingwa wa NCAA wa mchezaji mmoja mmoja na wa timu, akasepa zake kwenda kwenye tenisi ya kulipwa. Ile sevu ya kugeuza mgongo hakuipata kwa Gould.

Simshushi Gould hapo, nampandisha. Ninachosema ni kwamba watu wanampima kocha wa chuo kwa kitu ambacho ni sehemu ndogo sana ya kazi yake. Kufundisha fohendi kila mtu anaweza kukutafutia mtu wa kufundisha fohendi. Kazi yenyewe ni kumfanya kijana wa miaka 17 ambaye anatakiwa na vyuo vingi achague chako, alafu ukishampata uishi naye miaka minne bila yeye kukuchoka, na huku nyuma unatafuta hela, unamridhisha mkurugenzi wa michezo, unahesabu ufadhili kwa desimali, na unahakikisha timu yako haifutwi. Anayeyaweza hayo anakaa miaka 38. Asiyeyaweza hata awe profesa wa sevu hafiki mbali.

Angalia Gould alikoanzia. Alitoka kufundisha shule ya sekondari na chuo cha miaka miwili pale pale California, akaingia Stanford wakati tenisi ya vyuo ni mali ya Los Angeles. Chuo cha USC walikuwa na George Toley, ambaye alimaliza na mataji 10, wenzao wa UCLA nao walikuwa na timu iliyobeba ubingwa 1965 ikiwa na Arthur Ashe. Mchezaji mzuri akimaliza sekondari anajua njia ni mbili tu na zote ziko mji mmoja. Kwahiyo Gould kazi yake ya miaka ya mwanzo ilikuwa kubadilisha mawazo ya watu, kumpata Roscoe Tanner kutoka Tennessee, kumpata Sandy Mayer, yaani mmoja anamvuta mwingine, na taji la kwanza halikuja mpaka 1973. Saba! Miaka saba bila ubingwa. Leo sidhani kama kuna mkurugenzi wa michezo kwenye chuo kikubwa anayempa kocha miaka saba ajaribu. Baada ya hapo ndo mvua ikaanza kunyesha, mpaka ile timu ya 1998 ya mapacha Bob na Mike Bryan ambayo haikupoteza mechi hata moja, na Bob mwaka huo akabeba vyote vitatu, mmoja mmoja, wawili wawili na timu.

Upande wa hesabu ndo unaonichekesha na kunisikitisha kwa pamoja. Kwa miaka mingi sheria za NCAA divisheni ya kwanza ziliruhusu timu ya tenisi ya wanawake kuwa na ufadhili kamili wa watu 8, na timu ya wanaume 4.5. Ndiyo, nne na nusu. Na mechi inahitaji wachezaji sita wa mmoja mmoja, na hao sita tu hawatoshi maana kuna kuumia, kwahiyo kocha wa wanaume anakaa na kikosi cha watu nane, tisa, kumi, anagawa hiyo nne na nusu vipande vipande, huyu asilimia 80, huyu 40, huyu vitabu tu, huyu baba yake ana uwezo basi alipe mwenyewe. Alafu vyuo vya Ivy League, vile vya kifahari kama Harvard, havitoi kabisa ufadhili wa michezo, wala vyuo vya divisheni ya tatu, kule kocha anauza jina la chuo na msaada wa kifedha wa kawaida. Sasa jiulize huyu mtu ni kocha au ni mhasibu. Na ukikosea mgao mara moja, ukampa asilimia kubwa kijana ambaye bega lake linakufa mwaka wa pili, umekwama, maana hiyo asilimia ungeweza kumpa mtu mwingine aliyeenda kwa mpinzani wako.

Ndo maana pia makocha wanatazama nje. Zaidi ya nusu ya wachezaji wa tenisi wa divisheni ya kwanza ni wageni, wanatoka Ulaya, Amerika Kusini, Australia, Afrika. Huku kwetu tunaijua hiyo njia kupitia Angella Okutoyi, Mkenya aliyebeba Wimbledon ya wasichana wawili wawili 2022 alafu akaenda chuo cha Auburn. Kuna Wamarekani wanaolalamika kwamba nafasi za watoto wao zinaliwa na wageni, na kelele hizo hazijaanza jana. Mi naona wanamlaumu mtu ambaye siye. Ukimpa kocha nne na nusu na ukamwambia ashinde, atamtafuta mchezaji aliyekomaa popote alipo, na mchezaji wa miaka 19 aliyelelewa kwenye viwanja vya udongo vya Uhispania na ameshacheza mashindano madogo ya kulipwa ni bei nafuu kuliko kusubiri kijana akomae. Mkono mtupu haulambwi, kocha asiye na nafasi nyingi za kugawa anatafuta mkono ambao bado haujapewa ofa nyingi.

Tuje kiwanjani kidogo, maana nisije nikaonekana nasema hawa watu hawafundishi kabisa. Wanafundisha, ila kwa namna yao. Msimu ukiwa umechanganya sheria inawabana kwa masaa 20 ya mazoezi kwa wiki, na nje ya msimu 8, kwahiyo ule muda wa kumbomoa mchezaji na kumjenga upya haupo, mtu anasoma, ana mitihani, anasafiri. Kinachobaki ni siku ya mechi. Na mechi ya chuo ni fujo nzuri sana kama hujawahi kuiona tafuta uitazame: mechi tatu za wawili wawili zinaanza kwa pamoja, seti moja moja, atakayeshinda mbili kati ya tatu anachukua pointi moja, alafu mechi sita za mmoja mmoja zinaanza, kila moja pointi, wa kwanza kufika nne kamaliza kazi. Gemu ikifika 40 kwa 40 hakuna kurefusha, inachezwa pointi moja tu ya kuamua. Watu wanapiga kelele, wachezaji wenzake wanashangilia kiwanja cha pili huku wao wenyewe wanacheza.

Humo ndani kocha anatembea. Tenisi ya kulipwa ya wanaume kwa miongo ilimkataza kocha hata kukonyeza jicho, ATP, chama kinachoiendesha, imekuja kulegeza 2022 kwa majaribio, lakini chuoni kocha anaruhusiwa kuongea na mchezaji kati ya pointi moja na nyingine na wakati wa kubadilisha upande tangu zamani. Sasa ana viwanja sita na ana wasaidizi wachache, lazima achague akae wapi. Kwa yule namba moja ambaye anapigwa na bingwa? Au kwa yule namba sita ambaye yuko seti moja kwa moja na mikono inatetemeka? Makocha wazuri wanaenda kwa namba sita, na pointi ya namba sita ina uzito ule ule wa pointi ya namba moja, kitu ambacho mtazamaji mgeni kinamchukua muda kukielewa. Ukocha wa namna hiyo ni kusoma watu, nani anataka kuambiwa kitu, nani ukimsogelea ndo unamharibu zaidi. Kwa mtazamo wangu huu ndo ufundi halisi wa kazi hii na hauonekani kwenye rekodi yoyote.

Na kuna wachezaji ambao chuo kimewafanya, nakubali. John Isner alikaa chuo cha Georgia miaka minne kamili chini ya Manuel Diaz wakati wenzake wa rika lake walishaingia kwenye tenisi ya kulipwa, akatoka pale mtu mzima, miaka mitatu baadaye akacheza ile mechi ya masaa 11 na Mahut Wimbledon. Kevin Anderson alipita Illinois akaja kucheza fainali ya US Open 2017 na ya Wimbledon 2018. Danielle Collins alibeba NCAA 2014 na 2016 akiwa Virginia, 2022 yuko fainali ya Australian Open. Cameron Norrie alipita TCU. Hawa wote chuo kiliwapa kitu ambacho mashindano ya daraja la chini ya kulipwa hayakupi, nacho ni muda wa kupoteza mechi bila kukosa kodi ya nyumba.

Lakini swali la career yenyewe liko pale pale: ukishakuwa kocha mkubwa wa chuo, unaenda wapi? Kwenye mpira wa kikapu au futiboli yao kocha wa chuo anaweza kuitwa kwenye ligi ya kulipwa. Kwenye tenisi juu yako hakuna timu. Kuna mchezaji mmoja mmoja anayekuajiri kwa mwaka, akikuchoka anakutumia meseji. Kwahiyo wengi walikaa tu. Dan Magill alishika Georgia kuanzia 1955 mpaka 1988, akashinda mechi 706, na huku anafanya kazi nyingine ya kuandika habari za michezo za chuo, na yeye ndo aliyeifanya Athens, mji kilipo chuo hicho, kuwa mji wa tenisi mpaka mashindano ya NCAA yakawa yanachezewa pale mara kwa mara. Mataji yake mawili, 1985 na 1987. Alipoondoka akamwachia Diaz, mchezaji wake wa zamani kutoka Puerto Rico, naye akakaa mpaka 2024 na mataji manne. Watu wawili, miaka karibu sabini. Kuna nchi zimebadilisha katiba mara tatu ndani ya muda huo.

Walioondoka wameondoka kwa milango ya ajabu ajabu. Craig Tiley, mtu wa Afrika Kusini, alichukua Illinois, sehemu ambayo baridi yake haihusiani kabisa na tenisi, akaijenga mpaka 2003 ikashinda mechi 32 bila kupoteza na kubeba ubingwa, na mwaka huo huo wachezaji wake wakabeba pia ule wa mmoja mmoja na wa wawili wawili. Baadaye akaenda Australia na akawa ndo mkubwa wa Australian Open. Ukifikiria ina mantiki: mtu aliyezoea kutafuta hela, kujenga, kupanga ratiba na kubembeleza wazazi, kuendesha shindano kubwa si kazi ngeni kwake. Brian Boland alibeba mataji manne na Virginia akaondoka 2017 kwenda shirikisho la tenisi la Marekani. Na Bryan Shelton ndo stori ninayoipenda kuliko zote: alishinda NCAA na wanawake wa Georgia Tech 2007, akahamia Florida, 2021 akashinda na wanaume, kocha wa kwanza kufanya hivyo pande zote mbili, na aliyefunga pointi ya ushindi siku hiyo ni mwanae Ben. 2022 Ben akabeba ubingwa wa mmoja mmoja, akaenda kwenye tenisi ya kulipwa, na 2023 baba akaacha kazi ya Florida akamfuata. Miezi michache mbele Ben yuko nusu fainali ya US Open. Yaani kocha mwenye rekodi ambayo hakuna mwingine anayo, hatua ya juu iliyokuwepo kwake ilikuwa kumfundisha mtoto wake.

Sasa kuna mlango mwingine, wa chini. Kwenye vyuo vinavyogombaniwa kocha wa mchezo mdogo ana kitu cha thamani ambacho watu wa nje hawakioni, nacho ni orodha. Ana nafasi kadhaa za kuwaambia watu wa udahili "huyu namtaka kwa ajili ya timu", na huyo anaingia kwa masharti laini kuliko wengine. Kocha wa futiboli naye anazo ila yeye kila mtu anamwangalia, ukileta mtu asiyejua kucheza utaumbuka Jumamosi mbele ya watu elfu themanini. Kocha wa tenisi nani anamhesabia? Mwaka 2019 kwenye ile kashfa kubwa ya udahili ndo ikaonekana Gordon Ernst wa Georgetown alikuwa amepokea rushwa karibu dola milioni 3.5 kwa kuwapitisha watoto wa matajiri kama wachezaji wa tenisi, akahukumiwa 2022 kifungo cha miaka miwili na nusu. Michael Center wa Texas naye alikiri kupokea karibu dola laki moja, akala miezi sita. Mi siamini kwamba makocha wa tenisi ni wabaya kuliko wa michezo mingine. Ni kwamba waliwekewa mali ya bei mbaya mkononi, mshahara wao hauna uhusiano na bei ya hiyo mali, na hakuna aliyekuwa anatazama.

Na hapo Texas kuna kitu kinanirudisha kwenye swali langu la mwanzo. Center alifukuzwa Machi 2019, msimu unaendelea. Msaidizi wake Bruce Berque akapewa timu kwa muda. Mei ya mwaka huo huo Texas ikabeba ubingwa wa NCAA wa kwanza katika historia ya timu yao ya wanaume. Taji hilo la nani? La aliyewasajili wale vijana, au la aliyeishika timu miezi miwili wakati kila kitu kinaungua? Mi nampa Berque, maana ile kazi ya kusoma watu niliyoisema ndo aliifanya katika mazingira ambayo wengi wangeachia. Lakini wale vijana hawakuokotwa njiani, na huyo aliyewakusanya alikuwa anaenda mahakamani.

Tukija kwenye hali ya sasa, msingi wa zile career za miaka thelathini umeondolewa kimya kimya. Kwanza tangu 2021 mchezaji anaweza kuhama chuo bila kukaa benchi mwaka mzima, kwahiyo ule usajili uliokuwa unafanywa mara moja kwa kila mchezaji sasa unafanywa kila Mei, unamsajili upya hata mtu uliyenaye tayari. Mwaka huo huo wachezaji wakaruhusiwa kuingiza hela kupitia majina yao. Alafu Juni 2025 mahakama ikapitisha yale makubaliano ya kesi ya House, ambayo wachezaji waliishtaki NCAA, vyuo vikubwa vikaruhusiwa kuwalipa wachezaji moja kwa moja, kwenye dola milioni 20 na ushee kwa chuo kwa mwaka wa kwanza, na zile hesabu za 4.5 na 8 zikafutwa kwa vyuo vilivyokubali mfumo huo, badala yake ikawekwa idadi ya wachezaji tu, tenisi 10. Kwenye karatasi ni habari njema, kocha wa wanaume sasa anaweza kutoa ufadhili kumi kamili! Ila nani analipa? Hela yote inakimbilia futiboli na kikapu, na mkurugenzi wa michezo akishamaliza kuwalipa hao anaangalia kushoto na kulia nini kinaweza kukatwa. Tumeshaona mfano wakati wa korona, 2020 Iowa na Minnesota wote walitangaza kufuta tenisi ya wanaume. Tenisi haiuzi tiketi, haina mkataba wa televisheni, na ina wageni wengi ambao hakuna mbunge wa jimbo atakayewapigania.

Kwahiyo kocha wa leo kazi yake namba moja, juu ya usajili hata, imekuwa kutafuta wafadhili watakaoweka mfuko wa kudumu ili timu isiguswe. Gould aliliona hilo mapema kuliko wengi, alikuwa mtu wa kuchangisha hela kweli kweli, na alipoacha ukocha 2004 alibaki Stanford kama mkurugenzi wa tenisi. Watu wanasoma ile orodha ya mataji 17 wanadhani ndo sababu alikaa.

Na kama wewe ni kijana unaifikiria hii kazi, labda umecheza chuo, umemaliza, hujafika juu kwenye tenisi ya kulipwa na unataka kubaki kwenye mchezo, mi ningekwambia anzia timu ya wanawake. Makocha wengi vijana wanaikwepa wakidhani ni ngazi ya chini na mi naona wanapiga hesabu vibaya. Upande huo ulikuwa na ufadhili 8 wakati wanaume wanahangaika na 4.5, unalindwa na ile sheria ya usawa wa kijinsia ya 1972 kwahiyo chuo kinafikiria mara mbili kabla ya kuigusa, na ndo Shelton alikoanzia ukocha mkuu. Pale pale Stanford ambako kila mtu anamtaja Gould, timu ya wanawake ina mataji 20 ya NCAA, Frank Brennan 10 na Lele Forood 10, na huyu mama alichezea timu hiyo hiyo, akawa msaidizi wa Brennan, akaichukua akaishika mpaka 2024. Ishirini kwa kumi na saba. Sijawahi kusikia mtu anaanza stori na hiyo namba.